Bentonaiti kwenye mbolea ya punje: inachofanya na isichofanya

Mkulima anatia konzi mbili za mbolea ya NPK kwenye ndoo ya maji, anakoroga, anaiacha ilale. Asubuhi anakuta tope laini la kijivu limetulia chini ya ndoo, linateleza vidoleni kama sabuni. Neno la kwanza kumtoka ni kwamba ameuziwa udongo. Kweli ameuziwa udongo, ila si lazima awe ameibiwa. Mbolea nyingi za punje hushikanishwa kwa udongo wa bentonaiti, na udongo huo hauyeyuki hata ukikorogwa siku nzima. Cha kuangalia ni namba za mfukoni. Mfuko wa kilo 50 ulioandikwa 10-10-10 unatakiwa kuwa na kilo 5 za naitrojeni, 5 za fosfati na 5 za potashi, na kilo zilizobaki zinaweza kuwa na udongo ndani yake bila mtu kudhulumiwa. Yurea ni habari nyingine. Yurea safi huyeyuka yote, na ikikuachia tope la kujaa kiganja, mrudishie aliyekuuzia.

Bentonaiti ni majivu ya volkano yaliyogeuka kuwa udongo kwa miaka mingi sana. Jina lilitolewa mwaka 1898 kutokana na tabaka la miamba liitwalo Fort Benton, lililopo Wyoming, Marekani, ingawa udongo wenyewe hupatikana katika nchi nyingi. Sehemu kubwa yake ni madini ya montmoriloniti, yaliyopangana kwa matabaka membamba mithili ya kurasa za kitabu. Maji yakiingia kati ya kurasa, kitabu kinavimba. Ile yenye sodiamu huvimba mara kadhaa ya ujazo wake na kunata sana, kwa hiyo ndiyo inayotafutwa kwa kazi ya gundi. Yenye kalsiamu huvimba kidogo tu. Hiyo inafaa zaidi ikichomwa au kukaushwa kuwa chenga za kubebea dawa na virutubisho.

Kwa anayetengeneza mbolea ya punje kutokana na samadi au mboji, gundi ndiyo shida kubwa. Unga wa mboji peke yake huviringika vizuri ukiwa mbichi, kisha ukikauka unarudi kuwa vumbi. Hapo bentonaiti inasaidia kweli. Anza na kilo 3 kwa kila kilo 100 za unga mkavu, upime, kisha uongeze kidogo kidogo. Sioni sababu ya kuvuka kilo 10. Kila kilo ya udongo inapunguza nguvu ya mbolea: mboji yenye naitrojeni asilimia 2, ukiitia kilo 10 za bentonaiti kwa kila 100, inashuka hadi karibu 1.8. Anayeongeza udongo ili mfuko uwe mzito, huyo anajua anachofanya.

Mboji iwe imeiva kabisa. Ikiwa bado ina joto, itaendelea kufukuta ndani ya punje na kuzipasua. Isage, ichekeche, kisha uchanganye na bentonaiti vyote vikiwa vikavu, kabla tone la maji halijaingia. Utaratibu huu nilijifunza kwa hasara. Nilimwaga bentonaiti juu ya mboji iliyokwisha loweshwa, ikajifunga madonge yenye ngozi ya utelezi kwa nje na unga mkavu kwa ndani. Nilikoroga mpaka mikono ikauma, na madonge yakabaki vilevile.

Mchanganyiko mkavu huenda kwenye sinia la kuzunguka lililoinamishwa, nyuzi 45 au zaidi kidogo. Maji yapulizwe kama ukungu. Matone makubwa huzaa madonge. Dakika za mwanzo hutaona kitu, kisha vinatokea vipunje kama ulezi, vinaviringika juu ya unga na kuokota vumbi, vinanenepa. Punje zikianza kung'aa, maji yametosha. Ukiendelea kupuliza zitagandana na kushika ukuta wa sinia. Kausha taratibu, zikipata joto kali ghafla hupasuka. Kama umetia bakteria hai kwenye mbolea, kaushia kivulini penye upepo. Chekecha upate punje za milimita 2 hadi 4. Zilizozidi zisagwe na zilizopungua zirudishwe kwenye sinia. Vumbi la jana husaidia punje za leo kuanza.

Sasa pima kwa vidole. Punje kavu inayovunjika ukiiminya kati ya kidole gumba na cha shahada ni laini mno, haitafika shambani nzima. Inayohimili vidole lakini ikavunjika ukiikandamiza kwa kidole kimoja juu ya meza, hiyo ni ya wastani. Isiyovunjika hata juu ya meza ni ngumu. Watu wengi huishia hapo, wakifurahia ugumu. Lakini punje haitengenezwi ili ikae, inatengenezwa ili ifike shambani kisha ifumuke. Tia punje kumi kwenye glasi ya maji yaliyotulia, usikoroge. Punje nzuri hutoa mapovu madogo, inavimba ubavuni, inapasuka na kulala kama kichuguu kidogo. Zikilala usiku mzima zikaamka nzima, umetengeneza kokoto. Punguza bentonaiti au muda wa kuzungusha, ujaribu tena.

Kuna dai moja linalorudiwa sana na wauzaji, kwamba bentonaiti hufanya mbolea itoke polepole kwa kuwa inashika virutubisho. Msingi wake ni wa kweli. Udongo huu una chaji hasi, hivyo hushika vyenye chaji chanya: amonio (sura mojawapo ya naitrojeni), potasiamu, kalsiamu na magnesiamu. Kwa kipimo cha maabara cha uwezo huo, bentonaiti hupata 80 hadi 120, wakati kaolini, udongo uliozoeleka kwenye mashamba mengi ya nchi za joto, hupata 3 hadi 15. Lakini piga hesabu. Mfuko wa kilo 50 wenye bentonaiti asilimia 5 una kilo 2.5 za udongo huo. Hata kila nafasi yake ikijazwa amonio tupu, itashika takriban gramu 35 za naitrojeni. Mfuko ukiwa na naitrojeni asilimia 20, hiyo ni gramu 35 kati ya kilo 10. Tena naitreti, sura nyingine ya naitrojeni, ambayo ndiyo huchukuliwa na mvua kuliko zote, ina chaji hasi kama udongo wenyewe, basi haishikwi hata kidogo. Ukitaka bentonaiti ibadilishe tabia ya shamba la mchanga, utahitaji tani kadhaa kwa hekta. Kiasi kilicho ndani ya mfuko wa mbolea hakifiki huko. Kugawa mbolea ya kukuzia mara mbili au tatu kutakusaidia zaidi kuliko maneno ya kwenye kipeperushi.

Mahali ambapo uvimbaji wa udongo huu unaonyesha thamani yake kabisa ni kwenye salfa. Salfa tupu ya unga ni vumbi linaloshika moto kwa cheche ndogo, na ya mabonge hukaa ardhini bila kuguswa. Viwanda huyeyusha salfa kwa joto linalozidi nyuzi 115 za Selsiasi, huchanganya salfa sehemu 9 na bentonaiti sehemu 1, kisha hudondosha matone juu ya mkanda wa chuma uliopozwa. Yanaganda yakiwa na umbo la dengu iliyokatwa. Shambani udongo unakunywa maji, unavimba na kuipasua salfa kuwa unga mwembamba, na bakteria wa ardhini wanaigeuza kuwa salfeti ambayo mizizi inaweza kunywa. Kazi hii ya kuyeyusha isijaribiwe nyumbani. Mvuke na moto wake vinaua.

Wakulima hukosea sana kwenye kuitumia salfa hii ya punje. Wanaifukia siku ileile. Ikifukiwa ikiwa nzima, udongo unaoizunguka unaibana, inavimba bila kutawanyika, na unga wa salfa unabaki umerundikana sehemu moja. Inyunyize juu, iache inyeshewe mpaka ifumuke, ndipo uilime. Fanya hivyo miezi kadhaa kabla ya kupanda, maana bakteria wanahitaji joto, unyevu na muda. Kama mazao tayari yana njano ya majani machanga msimu huu, tumia mbolea yenye salfeti, kama salfeti ya amonia, na hii iwe akiba ya msimu ujao. Kumbuka pia kwamba kila kilo ya salfa inayogeuka huacha tindikali inayohitaji takriban kilo 3 za chokaa kuituliza. Kwenye ardhi iliyokwisha kuwa chachu, hesabu chokaa kabla ya kununua salfa.

Chenga za bentonaiti zina faida nyingine ndogo, ya kubeba virutubisho vinavyotakiwa kwa kiasi kidogo. Kilo 1 ya boroni kutawanywa sawasawa kwenye hekta nzima ni kazi ngumu. Ikibebwa na kilo 10 au 20 za chenga inawezekana. Ukizichanganya na mbolea nyingine, punje ziwe na ukubwa unaolingana, la sivyo ndogo zitazama chini ya mfuko njiani.

Unaponunua bentonaiti, uliza ilitengenezwa kwa kazi gani. Ya kuchimbia visima mara nyingi huongezwa kemikali za kuikoleza, na ya choo cha paka huweza kuwa na manukato. Ukitaka kuuza mbolea, peleka sampuli maabara ipimwe metali nzito pia. Vaa barakoa inayozuia vumbi laini, kwa sababu bentonaiti huweza kuwa na silika inayoharibu mapafu pole pole. Mifuko, ya udongo na ya mbolea, ikae juu ya mbao, mbali na ukuta na paa linalovuja. Unyevu unaotakiwa kupasua punje shambani ukiingia stoo utazipasua humo humo, na mfuko wa salfa ukigeuka unga ghalani unakuwa tena lile vumbi linaloshika moto.