Fangasi kwenye sainasi: jua ni aina gani kabla ya kuandika dawa

Mgonjwa akirudi mara ya tatu na pua iliyoziba upande mmoja, baada ya kumaliza amoksilini na azithromaisini, usimwongezee antibiotiki nyingine. Fikiria fangasi. Wala usimpe flukonazo kwa sababu tu ndiyo iliyopo kabatini: haifanyi kazi kwa Aspergillus wala jamii ya Mucorales, aina mbili za ukungu, na hizo ndizo fangasi za kuogopa zaidi kwenye sainasi (mianya yenye hewa ndani ya mifupa ya uso).

Kinachoamua matibabu ni jambo moja: je, fangasi imepenya nyama na mfupa, au imekaa tu kwenye uwazi wa sainasi?

Anza na ile inayopenya, maana hiyo huua kwa siku chache. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, saratani ya damu, au aliyetumia steroidi muda mrefu, akija na homa, ganzi ya shavu, jicho lililovimba au kuona vitu viwili viwili, mwambie afungue mdomo, mulika kaakaa, kisha mulika ndani ya pua. Weusi ni nyama iliyokufa baada ya fangasi kuziba mishipa ya damu. Kabla ya weusi nyama hupauka na kupoteza hisia, kwa hiyo usingoje weusi. Pima sukari ya damu na ketoni kwenye mkojo, anza dripu na insulini ikihitajika, na umpe rufaa siku hiyohiyo kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji wa pua na koo, kama Mulago au Mbarara nchini Uganda. Foleni ya kipimo cha CT (picha ya eksirei kwa kompyuta) isimcheleweshe.

Sampuli ndipo mengi yanapoharibikia. Usaha wa kupangusa na pamba hautoshi. Kata kinyama ukingoni mwa sehemu iliyoathirika na ukigawe mara mbili. Kimoja kitie kwenye fomalini ya 10% kwa ajili ya patholojia (kuchunguza nyama kwa hadubini), kingine kwenye maji safi ya dripu ya chumvi kwa ajili ya kuotesha. Ukitia vyote kwenye fomalini, fangasi inakufa na hakuna kitakachoota. Waambie wa maabara wasikisage kinyama: nyuzi za Mucorales zikivunjika haziwezi kuota. Slaidi ya potasiamu hidroksaidi hutoa jibu siku hiyohiyo. Nyuzi pana, zenye kuta za ndani chache, zinazotoa matawi kwa pembe ya takriban digrii 90, ni Mucorales. Nyembamba zenye kuta nyingi na matawi ya digrii 45 huelekea Aspergillus.

Tiba ni kisu na dawa kwa pamoja. Kwa Mucorales, amfoterisini B ya liposomu (iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta), 5 hadi 10 mg kwa kilo kila siku. Ikikosekana, ile ya kawaida, 1 hadi 1.5 mg kwa kilo. Wodi nyingi zinaijua ile ya liposomu kutokana na meningitisi ya kriptokoka (fangasi ya utando wa ubongo), lakini dozi moja ya 10 mg kwa kilo inayotumika kule haitoshi hapa. Hii ni kazi ya wiki kadhaa. Ichanganye kwenye glukosi ya 5% tu, kwani kwenye maji ya chumvi hugandana. Ile ya kawaida itanguliwe na lita moja ya maji ya chumvi kulinda figo, kisha ipite kwa saa 4 hadi 6. Fuatilia potasiamu, magnesiamu na kreatinini.

Kwa Aspergillus dawa ni vorikonazo: 6 mg kwa kilo kila saa 12 siku ya kwanza, kisha 4 mg kwa kilo kila saa 12. Usiichanganye na rifampisini; mgonjwa wa kifua kikuu atakuwa anameza vorikonazo bure.

Aina zisizopenya hazina haraka hiyo. Donge la fangasi hukaa kwenye sainasi moja, mara nyingi ya shavu, na CT huonyesha weupe wenye vidoa vya kalsiamu. Likitolewa kwa upasuaji, yamekwisha. Dawa ya fangasi haihitajiki.

Ile ya mzio hupata zaidi vijana, wenye polipi (vinyama laini vinavyoota puani) na kamasi nzito kama karanga zilizosagwa. Hapa ni upasuaji, prednisoloni kwa muda mfupi, steroidi ya kupuliza puani, na kuosha pua kila siku: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye mililita 240 za maji yaliyochemka dakika 1 na kupoa, au dakika 3 kwa wanaoishi juu milimani Kigezi. Maji ya bomba yasiyochemshwa yasiingie puani. Polipi hurudi hata baada ya upasuaji mzuri, kwa hiyo mpangie tarehe za kuchunguzwa tena hata kama anapumua vizuri.