Somo: Namna ya kuanzisha mbio za koni mkoani kwenu, na watu wakarudi tena mwezi unaofuata

Wakuu, salaam. Wengi mmeniuliza tulianzaje mbio zetu huku Arusha na magari saba tu, mpaka leo tunafunga usajili mapema kwa sababu siku haitoshi. Naeleza hatua kwa hatua. Maswali mliyonitumia nimeyajibu chini.

Kwanza tuelewane ni mbio gani. Sizungumzii kukimbizana barabarani usiku. Ule ni uuaji, na mwenye tabia hiyo tunamrudisha getini. Nazungumzia autokrosi: uwanja uliofungwa, njia imepangwa kwa koni za plastiki kama zile za barabarani, gari linaingia moja moja na kushindana na saa. Hakuna kusukumana wala kugombea kona. Njia nzuri humalizika kwa dakika moja hivi, ina kona nyingi, na mwendo hauzidi ule wa kawaida wa barabara kuu. Katika njia ya namna hiyo IST ya kwenda kazini inaweza kulitoa jasho Subaru lenye tabo (kifaa cha kuongezea injini nguvu), na hapo ndipo utamu ulipo.

Hatua ya 1: Kibali kabla ya tangazo

Mchezo huu una wenyewe. FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, hutambua chombo kimoja katika kila nchi: kwetu ni AAT, Kenya ni KMSF, Uganda ni FMU. Anzieni huko, kisha mwenye uwanja akubali kwa maandishi, kisha serikali ya mtaa na polisi. Msitangaze tarehe kabla karatasi hazijakamilika. Mkiahirisha mara mbili, mara ya tatu hakuna atakayewaamini.

Hatua ya 2: Uwanja, majira na watazamaji

Tafuteni kifusi kilichoshindiliwa. Udongo mweusi wa mfinyanzi uepukeni kabisa: mvua ya nusu saa tu inafunga siku nzima. Sisi hukimbia Juni hadi Septemba, masika ikishapita na vuli ikiwa bado. Ubaya wa miezi hiyo ni vumbi, kwa hiyo boza la maji liingizeni kwenye bajeti tangu mwanzo. Msimamizi wa njia asiyeona gari linalomjia yuko hatarini, na hilo ni zito kuliko nguo kuchafuka.

Sasa watazamaji. Hapa naomba msome polepole. Siku yetu ya kwanza tulifunga kamba ya watazamaji upande wa nje wa kona ya mwisho, kwa sababu ndipo panapoonekana vizuri. Mchana gari moja likateleza na kupita palepale penye kamba. Hakuna aliyeumia, kwa sababu moja tu: jua lilikuwa limeshawahamisha watu wote chini ya miti. Usiku ule sikulala. Mwaka 1986, kwenye mashindano ya dunia ya rally huko Ureno, gari liliacha barabara, likaua watazamaji 3 na kujeruhi zaidi ya 30. Wale walikuwa madereva wa hali ya juu. Sisi tuna nani wa kujivunia?

Tangu siku hiyo mtazamaji hakai nje ya kona, hata awe nani, hata awe mdhamini. Anakaa upande wa ndani au penye mwinuko, si chini ya mita 25 kutoka njiani, na nyuma ya kamba kuna mtu mwenye filimbi ambaye hana kazi nyingine. Gari la wagonjwa likichelewa kufika, injini haziwashwi.

Hatua ya 3: Kila aliyekuja apewe kazi

Mkisahau yote, hili shikeni. Wengi hudhani kundi la mbio ni madereva. Mkiwategemea madereva peke yao mtabaki kumi na tano miaka yote, na kila anayeuza gari lake atawapunguza. Kundi hukua kwa wale wasio na gari.

Marekani, kwenye mbio za koni zinazosimamiwa na SCCA, klabu ya mbio za magari ya huko, ni desturi kwamba anayeshindana lazima pia afanye kazi njiani. Tumeufuata utaratibu huo. Mfano, magari 20 tunayagawa makundi mawili ya 10. Kundi la kwanza linaendesha mizunguko mitatu kwa kila gari, la pili liko kwenye koni, bendera na saa. Tukiachia gari kila baada ya dakika moja na nusu, mizunguko 30 inakwisha kwa dakika 45. Halafu wanabadilishana. Dereva aliyesimama kwenye koni dakika 45 anajifunza mengi, kwa sababu anaona wenzake wakichelewa kufunga breki mahali palepale anapokosea yeye.

Kisha wale wasio na gari. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha VETA anayesomea umeme wa magari apewe ukaguzi, akisimamiwa na fundi mzoefu. Anayeandika vizuri apewe daftari la matokeo. Anayependa kupiga kelele apewe kipaza sauti. Kila mmoja apate kizibao cha rangi, chakula cha mchana, na jina lake lisomwe mwisho wa siku pamoja na washindi. Mkuu wetu wa saa leo ni kijana aliyekuja kutuuzia maji ya chupa. Siku ile tulipungukiwa mtu, tukamwomba ashike stopwachi. Mwezi uliofuata alikuja na marafiki wawili, na maji hakuleta.

Mafundi wa gereji waiteni kwa heshima zote. Historia ya mchezo huu kwetu ni yao. Safari Rally ilianza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 aliyeshinda ni Joginder Singh, fundi wa magari mzaliwa wa Kericho, akiwa na ndugu yake Jaswant ndani ya Volvo PV544 iliyokwishatumika. Baadaye, 1974 na 1976, akashinda tena na Mitsubishi Lancer. Fundi wa mtaani kwenu akiisikia habari hiyo, hatawatoza bei ya kukaza nati.

Hatua ya 4: Saa na adhabu

Hamhitaji mitambo ya gharama kuanza. Wekeni mwanzo na mwisho wa njia karibu, ili watu wawili wenye stopwachi waone kote wakiwa wamesimama mahali pamoja. Chukueni wastani wa saa zote mbili. Zikitofautiana zaidi ya nusu sekunde, dereva arudie.

Kila koni izungushieni mstari wa chokaa kwenye kitako. Koni ikianguka, au ikitoka nje ya mstari kabisa, ni sekunde 2 za adhabu. Ikisogea lakini bado imesimama na inagusa mstari, hakuna adhabu. Anayeruka lango, yaani asiyepita kati ya koni mbili alizopaswa kupita, mzunguko wake hauhesabiwi. Bila chokaa mtabishana mpaka magharibi, na ubishi huo ndio unaowafukuza wageni.

Hatua ya 5: Madaraja

Hadi cc 1000, hadi 1300, hadi 1600, na zaidi ya hapo. Yenye tabo au yanayovuta magurudumu manne yawe na daraja lao. Na lazima kuwe na daraja la wageni, kwa anayekimbia mara ya kwanza au ya pili tu.

Hatua ya 6: Ukaguzi

Kwa kila gari: betri imefungwa imara, pedi za breki zina unene, tairi si vipara, spring ya kurudisha pedali ya mafuta inafanya kazi, mikanda inashika, hakuna kinachovuja, na ndani hamna jeki wala chupa inayobingirika. Aliyeshindwa ukaguzi haingii, ila msimtupe: mafundi wamsaidie, na kama haiwezekani apewe bendera.

Hatua ya 7: Mgeni asiachwe peke yake

Asubuhi, kabla injini hazijawashwa, wote tunaitembea njia kwa miguu. Kila mgeni anatembea na mwenyeji mmoja anayemwonyesha pa kufunga breki na pa kutazama. Matokeo tunayabandika ubaoni siku hiyohiyo, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, mizunguko yote mitatu. Aliyekuwa wa mwisho anataka kuona kwamba mzunguko wa tatu alipunguza sekunde nne kutoka ule wa kwanza. Hiyo ndiyo sababu yake ya kurudi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, asante kwa somo. Nina Vitz ya cc 990. Si nitachekwa? (Dodoma)

Hapana, kiongozi. Utakimbia na za aina yako kwenye daraja la cc 1000. Gari dogo na jepesi hugeuka haraka, na kwenye njia ya koni kugeuka ndiyo kazi yenyewe. Weka tairi nzuri kabla ya kufikiria kugusa injini.

Nina bima kubwa. Gari likiumia uwanjani nitalipwa? (Dar)

Usitegemee hivyo. Bima za kawaida za magari, kubwa kwa ndogo, kwa kawaida huwa na kifungu kinachoondoa mashindano na majaribio ya mwendo. Soma sehemu ya yasiyolipiwa kwenye karatasi zako, na kama gari lina mkopo ongea na mkopeshaji kwanza. Anayeandaa naye aulize bima ya tukio anapoomba kibali. Kama gari hilo ndilo linalolisha familia, mwaka wa kwanza njoo ufanye kazi njiani.

Helmeti ya bodaboda inafaa? (Mwanza)

Ile nyepesi ya bei ya chini hapana, hata pikipiki haiifai. Helmeti ya pikipiki inayofunika uso wote na yenye alama halali ya ubora, klabu nyingi za mbio za koni huikubali. Za magari, kama zenye alama ya Snell SA, zimeongezewa kipimo cha moto na cha kugonga vyuma vya ndani ya gari. Muulize mwandaaji kabla ya kununua. Na iliyowahi kuanguka na mtu, itupe.

Tutafute mdhamini kwanza ndipo tuanze? (Iringa)

Hapana ndugu. Jumlisheni gari la wagonjwa, boza, uwanja, koni, vyoo na chakula, mgawanye kwa idadi ya magari. Ikizidi uwezo wenu, punguzeni tukio, lakini gari la wagonjwa libaki. Mdhamini atakuja akiona tarehe zenu hazivunjiki.

Sisi kina dada tuko wanne, tunapenda magari ila tukifika kwenye matukio tunaulizwa tumekuja na nani. Kwenu vipi? (Moshi)

Dada, pole, na asante kwa kulisema. Kwetu anayepokea watu getini huuliza swali moja kwa wote: unaendesha au unafanya kazi gani leo? Vyoo safi vya wanawake ni gharama ya lazima, kama gari la wagonjwa. Na daraja la wanawake hatuna, kwa sababu saa haijui nani kashika usukani. Michèle Mouton, dereva mwanamke wa Ufaransa, alishinda rally ya Sanremo mwaka 1981, kwenye mashindano ya dunia, akishindana na kila mtu.

Mtoto wangu ana miaka 9, naweza kumpakia mzunguko mmoja? (Dar)

Hapana. Gari likiwa kwenye saa, mtoto haingii.

Sina gari, sijui hata kuendesha. Naweza kuja kutazama tu? (Babati)

Karibu sana. Fika saa moja asubuhi uitembee njia pamoja nasi, vaa viatu vya kufunika na kofia, na niulizie getini. Usikae kivulini, kona ya tatu ina upungufu wa mtu wa bendera.