Mama mkwe si mama wa kambo: kwa Wanabukavu wanaojaza fomu za Kiingereza

Ndugu uliyesomea Bukavu na sasa uko Marekani, kabla ya kujaza fomu ya uhamiaji, kuwa macho na maneno mawili: "stepmother" na "mother-in-law". Shuleni tulilelewa kwa Kifaransa, na Kifaransa humwita mke wa baba yako belle-mère, na mama wa mumeo belle-mère vilevile. Ukianzia hapo utakosea kwa urahisi.

Anzia kwenye Kiswahili, ambacho kimekwisha kuwatenganisha. Penye kambo, Kiingereza hutanguliza "step". Penye ukwe, humalizia na "in-law". Baba wa kambo ni "stepfather", baba mkwe ni "father-in-law". Binti ambaye mkeo alikuja naye ni "stepdaughter", mke wa mwanao ni "daughter-in-law", ingawa kwa Kifaransa wote ni belle-fille. Shemeji yuko upande wa "in-law". Mdogo wako wa baba mmoja, mama mbalimbali, ni "half-brother", kwa sababu mna damu moja. Na mama mdogo ni "aunt", hata kama ndiye aliyekulea.

Nasisitiza kwa sababu sheria ya uhamiaji ya Marekani humhesabu mtoto wa kambo kuwa mtoto, mradi ndoa iliyoleta ukambo huo ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18. Kwa sharti hilohilo, raia aliyefikisha miaka 21 anaweza kumwombea mama yake wa kambo kuhamia Marekani kwa fomu I-130, fomu ya kumwombea ndugu. Mama mkwe huwezi kumwombea wewe. Ataombewa na mwanawe, yaani mumeo au mkeo, naye awe raia. Basi ukimwita mama wa kambo "mother-in-law", umeliua ombi lililokuwa halali. Na ukiandika hivi leo, vingine mwakani, afisa atataka kujua lipi ni la kweli.

Karatasi zinazotoka nyumbani nazo zina hatari hiyo. Barua ya ushahidi iliyoandikwa kwa Kifaransa na mjomba wa Kadutu au Ibanda, huko Bukavu, lazima iambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza, na mtafsiri athibitishe kwa maandishi kwamba ni sahihi na kwamba anazimudu lugha zote mbili. Lakini hata mtafsiri hodari hawezi kujua belle-mère wa kwenu ni yupi. Mweleze kabla hajaanza, kisha pitia kazi yake, ndugu mmoja mmoja, kabla ya kuituma.