Somo: Kufungua kikoa kipya cha ngazi ya juu, nani aingie kwanza?

Somo hili ni la wanaoandika sera ya uzinduzi. Mkataba na ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti duniani, umeshasainiwa, herufi zenu (mwisho wa anwani, kama .info) zinakaribia kuingia kwenye mzizi wa DNS, yaani orodha kuu ya mfumo unaogeuza majina kuwa anwani za kompyuta, na kinachobaki ni kuamua mlango ufunguliwe kwa nani na lini. Fikirini vizuri kabla ya siku ya kwanza, maana jina likishasajiliwa kumpokonya mtu ni kesi.

Hatua ya 1: Pimeni mgongano wa majina

Ofisi nyingi zimezoea kubuni majina ya mtandao wa ndani, kama .corp au .home. Herufi hizo zikiingia kwenye mzizi, ombi lililokuwa likiishia ndani ya jengo linaweza kutoka nje na kujibiwa na mgeni. Ndiyo maana .corp, .home na .mail zilizuiwa mpaka leo. Kwa herufi nyingine, duru ya maombi ya 2012 iliweka siku 90 za tahadhari ambapo maombi hujibiwa 127.0.53.53. Anwani hiyo haitoki nje ya kompyuta yenyewe, na 53 ni namba ya mlango wa DNS, kwa hiyo fundi akiikuta kwenye logi anajua pa kuanzia kutafuta. Msiwashe jina la mteja yeyote ndani ya siku hizo.

Hatua ya 2: Orodha ya majina yaliyozuiwa

Iwe fupi. Mkataba wa 2012 wenyewe ulizuia majina ya nchi, pamoja na yale ya Msalaba Mwekundu na Olimpiki, na ukamruhusu msimamizi wa kikoa majina 100 kwa shughuli zake na matangazo. Mkijaza orodha yenu maneno yote matamu ili muyauze ghali baadaye, siku ya kufungua watu watakuta duka tupu.

Hatua ya 3: Wenye alama za biashara

Hapa ndipo penye kazi. Mwaka 2001 .info ilitanguliza wenye alama bila kukagua vyeti kwanza. Watu wakajiandikia namba za alama zisizokuwepo, na maelfu ya majina yakaishia kwenye mapingamizi. Tangu 2013 alama inahakikiwa kwanza kwenye hazina kuu ya alama ya ICANN, na mwenyewe anapewa faili lenye saini ya kidijitali ambalo msajili, yaani kampuni inayouza majina kwa wateja, hulituma pamoja na ombi.

Mna njia mbili. Ya kwanza: mnatangaza siku 30 kabla, kisha mnafungua kwa siku 30 au zaidi, na anayewahi anachukua. Ya pili: mnafungua kwa siku 60 au zaidi na kugawa mwishoni, wakigongana wawili mnatumia utaratibu mliotangaza, kwa mfano mnada. Chagueni ya pili. Alama moja huweza kumilikiwa na watu tofauti: KIPEPEO ya sabuni na KIPEPEO ya hoteli zote ni halali, na si haki mshindi awe yule mwenye wakili aliyekesha kwenye kompyuta.

Kinacholindwa ni jina lenyewe tu. Mwenye KIPEPEO anapata kipepeo, kipepeohoteli hapati.

Hatua ya 4: Wanaowania mapema

Msitumie foleni ya sekunde. Aprili 2006 .eu ilimpa kila msajili zamu sawa, wajanja wakafungua kampuni hewa za usajili kwa mamia ili wapate zamu kwa mamia. Julai EURid, msimamizi wa .eu, ikafungia majina 74,000. Bei inayoanza juu na kushuka kila siku inaua mchezo huo, kwa sababu kuwa na zamu nyingi hakupunguzi bei.

Hatua ya 5: Kufungua kwa wote

Kwa siku 90 za mwanzo, au zaidi, anayeomba jina lililo sawa na alama iliyo kwenye hazina anaonyeshwa onyo. Onyo halimzuii. Akikubali na kuendelea, mwenye alama anaarifiwa.

Maswali ya wanachama

*Wakuu, nina cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania Bara. Kinatosha hatua ya 3?*

Inategemea ni cheti gani. Cheti cha jina la biashara hakitoshi. Inatakiwa alama ya biashara iliyokwisha kusajiliwa, si maombi yanayosubiri. Kisha uiingize kwenye hazina ukiambatanisha ushahidi kwamba inatumika sokoni: lebo, kifungashio au tangazo. Zanzibar alama husajiliwa BPRA, wakala wa huko.

*Tunaweza kuwatoza wenye alama bei ya juu kuliko wengine?*

Mnaweza, ila jiandaeni kwa kelele. Mwaka 2015 .sucks iliwawekea dola 2,499 kwa mwaka, na ICANN ikaandikia mamlaka za Marekani na Kanada kuuliza kama ni halali. Gharama ya uhakiki pamoja na nyongeza ndogo inatosha.

*Bei inayoshuka ishuke kwa siku ngapi?*

Saba zinatosha. Ikivuka wiki mbili, wateja wa kawaida wanadhani ndiyo bei ya kudumu, wanaondoka.

*Kupeleka maombi ya herufi mpya ni bei gani?*

Mwaka 2012 ilikuwa dola 185,000. Duru ya 2026 ni dola 227,000, na hapo hujalipia mitambo wala mtunzaji wa nakala za data.