Honi ya feri ikikugutusha: kuishi na vichochezi vya kiwewe na kupata tiba Mombasa

Fataki za mwaka mpya, king'ora, moshi wa tairi, mlango unaobamizwa, honi ya feri pale Likoni. Mwenye kiwewe, yaani jeraha la akili lililoachwa na tukio la kutisha, hahitaji kuliona tukio upya ili mwili wake uamini limerudi. Moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa jasho, pumzi inakatika. Kilichouwasha mwili ndicho kichochezi, na si lazima kiwe cha kutisha: mafuta ya nywele ya aina fulani yanatosha, au wimbo uliokuwa ukipigwa kwenye matatu siku ile. Ubongo ulio hatarini huhifadhi harufu na sauti upesi, lakini hauzibandiki tarehe vizuri. Kwa hiyo zikirudi, zinakuja kama habari za leo.

Dalili hizi katika mwezi wa kwanza baada ya tukio ni kawaida, na kwa wengi hupungua zenyewe. Zikipita mwezi na bado zinakuharibia usingizi, kazi au nyumba, tafuta tiba. Ukiwaza kujiua, usingoje mwezi: nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, au piga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu.

Anza na daftari

Kwa wiki mbili, kila mwili unapowaka, andika mistari minne: saa na mahali, ulichosikia, kunusa au kuona muda mfupi kabla, ukali kuanzia 0 hadi 10, na ulichofanya. Habari ya tukio lenyewe usiiandike. Hiyo ifanywe na mtaalamu. Ukiianza peke yako saa nne usiku, utakesha. Andika pia ulilala saa ngapi, na ulikunywa au kutafuna nini. Kahawa tungu na muguka hupandisha mapigo ya moyo na kufukuza usingizi, na mwili wenye wasiwasi hautofautishi mapigo ya muguka na mapigo ya hofu.

Mwili ukishawaka

Fumbua macho. Wengi hufumba, na gizani ndiko picha zinakokuja kwa nguvu. Kanyaga chini kwa nyayo zote mbili. Sema, hata kwa kunong'ona: "Leo ni Jumanne, niko Mwembe Tayari, nangoja matatu ya Kisauni." Kisha taja tofauti tatu kati ya sasa na siku ile: ilikuwa usiku, sasa ni saa tano asubuhi, nilikuwa peke yangu, hapa pana watu, nilifungiwa, hapa njia iko wazi. Zoezi la kuhesabu vitu vitano unavyoviona linasaidia, ila usiziache hizi tofauti, kwa sababu zinaibandika kumbukumbu ile tarehe iliyokosa.

Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe kwa mdomo ukihesabu hadi 6, dakika 3 hadi 5. Usiheme haraka haraka kwa pumzi kubwa: kaboni dioksidi inashuka mwilini, kichwa kinazunguka, vidole vinakufa ganzi, nawe unadhani ndiyo roho inatoka. Anayependa kufuatisha uradi au sala fupi, vizuri, mradi kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Mfukoni weka karafuu ya kutafuna, au nunua chupa ya maji baridi uishike shingoni. Mweleze pia aliye karibu nawe: akuite kwa jina, asikushike ghafla, wala asikumwagie maji.

Kukwepa kuna utamu wake

Hapa ndipo wengi hukwama. Tangu barabara ya Dongo Kundu ipate madaraja yake, mwenye gari anaweza kufika Ukunda bila kukanyaga feri. Kwa mji ambao haujasahau MV Mtongwe, iliyozama tarehe 29 Aprili 1994 na kuua zaidi ya watu 270, hofu ya feri si upuuzi. Lakini kila unapozunguka unapata nafuu, na nafuu hiyo inaufundisha mwili kwamba ulipona kwa sababu ulikimbia. Kesho hofu inadai zaidi: feri kwanza, halafu barabara ya kwenda ferini, mwishowe hata ufuo.

Dawa yake ni ngazi. Kwanza kaa Mama Ngina, upande unaoelekea ferini, uangalie feri zikivuka. Kisha shuka hadi lango la kivukoni bila kuvuka. Kisha vuka kwa miguu saa ambazo hakuna msongamano, pamoja na mtu. Anayetembea halipi, hivyo mazoezi hayana gharama. Baadaye vuka peke yako, na mwisho kabisa jioni watu wanapotoka kazini. Katika kila ngazi kaa hadi ukali ushuke karibu nusu, sema kutoka 7 hadi 4, na rudia siku kadhaa kabla ya kupanda. Ukiondoka hofu ikiwa kileleni, unaimarisha kile kile unachokipunguza. Ukivuka macho kwenye simu muda wote, hukuvuka.

Ngazi hii usiipande bila mtaalamu ikiwa unapoteza fahamu ya mahali ulipo, unajidhuru, au hatari yenyewe bado ipo. Kumwogopa mume anayeendelea kupiga si kiwewe cha kuzoeshwa. Hapo kwanza ni usalama. Simu ya 1195 ni ya dhuluma za kijinsia, 116 ni ya watoto. Aliyebakwa afike hospitali kabla ya saa 72, ili dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi ifanye kazi. Asioge kwanza, na nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki.

Kumpata mtaalamu

Hospitali za umma ndizo pa kuanzia: Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji huiita Makadara, na Port Reitz yenye kitengo cha afya ya akili. Daktari wa magonjwa ya akili ndiye anayeandika dawa. Mshauri na mwanasaikolojia hutibu kwa mazungumzo, na sheria ya mwaka 2014 inawataka wasajiliwe. Omba nambari ya usajili bila haya.

Swali kuu ni moja: "Umefunzwa tiba gani ya kiwewe?" Kusikilizwa tu kunafariji, lakini mara nyingi hakutoshi. Majibu mazuri ni tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe, EMDR (tiba ya kusogeza macho huku ukikumbuka tukio), au tiba ya kusimulia maisha kwa mpangilio. Nyingi huchukua vikao 8 hadi 15, vya saa moja hadi moja na nusu. Uliza pia tutapimaje maendeleo, nani atasoma faili langu, na bei ikinishinda itakuwaje.

Mtu akikulazimisha usimulie yote siku ya kwanza, akikuhimiza usamehe ili upone, au akitaka kuitisha kikao cha wazee na aliyekudhulumu, ondoka. Kusomewa na shehe au kuombewa na mchungaji kunaweza kwenda sambamba na tiba. Kupigwa, kufungwa minyororo au kuambiwa uache dawa, hapana. Vidonge vya kutuliza, ambavyo mtaani huitwa bugizi, havitibu kiwewe na huleta uraibu.

Mji ni mdogo. Mkaazi wa Mji wa Kale asiyetaka kuonekana anaweza kutafuta kliniki ng'ambo ya daraja la Nyali, au kikao cha simu akiwa na spika za masikioni, mlango umefungwa. Usipange kikao kabla tu ya kuingia kazini. Wiki za mwanzo ndoto zinaweza kuzidi kabla hazijapungua: mwambie mtaalamu, apunguze kasi. Baada ya vikao vinne au vitano bila mpango wowote, una haki ya kubadilisha, na huna haja ya kumweleza sababu.