Moduli ndani ya moduli katika Racket

Katika lugha ya programu ya Racket, moduli (kipande cha msimbo chenye majina yake) inaweza kukaa ndani ya nyingine. Katika faili hesabu.rkt, chini ya #lang racket, andika:

(module kodi racket
  (provide vat)
  (define (vat bei) (* bei 18/100)))
(require 'kodi)

Usiache alama ya nukuu kabla ya kodi: bila hiyo Racket hutafuta maktaba iliyosakinishwa yenye jina hilo, isiipate, ikatoa kosa. Bila provide, vat haionekani nje. Faili jingine la folda hiyohiyo huita (require (submod "hesabu.rkt" kodi)).

Hapa ndipo wengi hukwama: moduli iliyoundwa kwa module haiwezi kuiita inayoizunguka. Ukihitaji majina ya nje, tumia (module* ndani #f ...). Huyaona yote, hata yasiyotolewa kwa provide, lakini moduli ya nje haiwezi kuiita hii ya module*.

Majaribio yaweke ndani ya (module+ test (require rackunit) ...), ambapo rackunit ni maktaba ya majaribio, uyaendeshe kwa raco test hesabu.rkt; hayaendeshwi mtu anapoita faili lako kwa kawaida.