Kumfundisha mtu mzima asiyeona kusoma Qur'ani kwa nukta nundu

Nafundisha watu wazima, wengi walipoteza uwezo wa kuona wakiwa wakubwa. Siwaanzishi na msahafu wa nukta nundu (breli), yaani maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa kidole. Nakata kipande cha trei ya mayai chenye vishimo sita, mfano wa nafasi sita za nukta za herufi, natia gololi: kushoto 1, 2, 3 kwenda chini; kulia 4, 5, 6. Alif ni nukta 1. Ba ni 1 na 2.

Waambie mapema kwamba mstari unasomwa kutoka kushoto kwenda kulia, ingawa ni Kiarabu. Anayejua nukta nundu za Kiswahili ana mtaji: ba, lam, mim na nun ni zilezile b, l, m, n. Ila irabu hukaa baada ya herufi, na hapo ndipo pa kukaza: fat-ha (sauti ya a) ni nukta 2, dhumma (sauti ya u) ni ileile u, na kesra (sauti ya i) ina umbo la e. Bila kumzoesha, "bi" ataisoma "be". Shadda, alama ya kukaza herufi, ni nukta 6, nayo hutangulia herufi yake.

Kidole kiteleze, kisikandamize. Mwenye kisukari huweza kupoteza hisia vidoleni. Mjaribishe kila kidole, mpe karatasi mpya ambayo nukta zake hazijalala.

Taabu kubwa ni hifdhi, yaani kile alichokwisha kukihifadhi moyoni. Mzee akigusa "qul" tu, neno la kwanza la sura ya Ikhlas, sura yote imemtoka, kidole kingali palepale! Nafurahi naye, kisha namwekea kidole katikati ya aya asiyoihifadhi na kumwuliza: "Mzee wangu, hapa pana herufi gani?"